Msuli Uliorefusha Sijda

Mguu wangu wa kushoto umeharibika tabia, na niseme mapema kwamba mie sikuulea hivyo. Miaka yote ulinisimamisha dukani kwangu, hapa Temeke, nikipima vitambaa na kubishana na wateja, haukuwahi kuninung'unikia. Sisi ni watu wa duka tangu babu alipokuja kutoka Arabuni na robota lake la nguo begani, na mtu wa duka bila miguu hana duka. Halafu mwaka jana, mchana mmoja nimejinyoosha kitandani baada ya chakula, shavu la mguu likajikunja lenyewe, likawa gumu kama nazi, na vidole vikageuka kila kimoja na upande wake.

Asiyewahi kukazwa na msuli namwonea wivu. Maumivu mengine yana adabu, yanakuja taratibu, yanakupa nafasi ya kutafuta dawa. Msuli hauna salamu. Unakukamata, unakuminya, na wewe mtu mzima mwenye wajukuu unabaki kuomba msamaha kwa kosa usilolijua. Nilipiga ukelele, mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi akidhani mwizi kaingia. Alipoona ni mguu tu alikaa kitandani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaushika huo mguu, akavisukuma vidole kwa nguvu kuelekea gotini, na msuli ukaachia. Nikamshukuru. Akaniambia nisishukuru, ninawe uso nikafungue duka.

Shida ya Dar ni kwamba hakuna asiye tabibu. Niliponzwa na mdomo, nikaitaja habari hii barazani tunapokunywa kahawa, nikaondoka na dawa za kutosha kufungulia famasi. Mmoja kasema ndizi mbivu, asubuhi na jioni. Nikala ndizi kutoka soko la Mabibo mpaka mtu anayeniletea akaniuliza kama nafuga tumbili. Mwingine kasema madafu. Mwingine kasema kipande cha sabuni ya mche kiwekwe chini ya shuka upande wa miguuni, na usiniulize sabuni na msuli vinajuana wapi, maana hata aliyenishauri hakujua. Mke wangu akakiweka. Nikawa naamka nanukia nguo zilizofuliwa, na mguu unakaza vilevile. Shoga yake, mwalimu kutoka Bukoba tunayepakana naye ukuta, akaleta supu ya kongoro, ile miguu ya ng'ombe, akasema kwao wazee wanakunywa hiyo na bado wanapanda milima. Supu ilikuwa tamu mno. Kila jioni nilimwambia naona dalili za kupona lakini bado kidogo, ili asikate kuileta.

Mwisho nikapelekwa kwa mchuaji. Huyu kazi yake ni kuwachua wachezaji wa ndondo, zile timu zetu za mtaani. Akanilaza kwenye mkeka kando ya uwanja, akanipaka mafuta ya karafuu, akanikunja mpaka goti likafika kidevuni. Huku ananikunja akaniuliza nacheza namba ngapi. Nikamwambia mie naswalisha msikitini. Akaendelea kunikunja, ila kwa heshima zaidi.

Na hapo ndipo penye ishu yenyewe. Mie si sheikh, wala sijasoma kiasi cha kuitwa hivyo. Imamu wetu hasa ni kijana mwenye kisomo chake, lakini ana ajira kwenye mitambo ya umeme kule Kinyerezi, mchana hayupo. Kwa hiyo adhuhuri na alasiri, ambazo imamu anasoma kimya, ziliniangukia mie, kama zilivyomwangukia marehemu baba enzi zake. Msikiti wenyewe ni mdogo, uko nyuma ya maduka, na tunaoswali mchana ni sie sie wafanyabiashara na mafundi wa pale. Lakini ile hatua moja mbele ya mstari, aliyosimama baba na sasa nasimama mie, naipenda. Mtu hapaswi kuona fahari kwenye mambo ya ibada, najua. Mie naiona, basi.

Na msuli ulikuwa unataka kunitoa pale. Asiyeweza kusujudu chini, kwetu anawekewa kiti cha plastiki mwisho wa mstari wa kwanza, karibu na dirisha. Anaswali amekaa, wenzake wakisujudu yeye anainamisha kichwa tu. Na mtu wa kiti haswalishi watu. Kiti hicho alikuwa anakikalia rafiki yangu, karani mstaafu, tuliyecheza naye mpira wa chandimu kwenye vumbi la Temeke hii hii. Magoti yalimgomea. Siku aliyokaa kwa mara ya kwanza nilimuuliza kama anamngoja kinyozi, akacheka. Sasa aliposikia habari za mguu wangu, huyu bwana akaanza mchezo wake. Kila siku anavuta kiti cha pili, anakiweka kando ya chake, anakipangusa kwa leso, anakiacha kitupu. Ananitazama tu ninapopita kwenda mbele, na mie nachemka.

Siku ya sijda ilikuwa alasiri ya kawaida, joto limetukaba, mapangaboi yanazungusha joto hilohilo. Rakaa ya mwisho, nikakaa kidogo baina ya sijda mbili, mguu wa kushoto umekunjwa chini yangu, na nilipokwenda kwenye sijda ya pili shavu likanasa. Kuinuka haiwezekani. Kugaagaa chini haiwezekani, nina watu nyuma yangu. Na wao, kwa taratibu za swala ya jamaa, hawainui vichwa mpaka imamu ainue chake. Basi nikabaki na paji la uso langu kwenye mkeka, na wafanyabiashara wote wa mtaa ule wamebaki na mie.

Nilimwomba Mungu siku ile kuliko nilivyowahi kumwomba. Sikuomba mali wala pepo. Niliomba kidole gumba kishuke. Mguno ukanitoka, nikaumeza, ukanitoka mwingine. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kamasi. Halafu na mwingine. Wakati msuli unaachia na mie natoa takbira ya kuinuka, sauti imepasuka katikati, nusu ya mstari wa kwanza walikuwa wanalia.

Tulipomaliza, muuza mchele mmoja, mtu ambaye hajawahi kumwongezea mteja hata punje, alinishika mikono yote miwili, mashavu yamelowa, akaniambia tangu azaliwe hajaswali swala yenye unyenyekevu namna ile. Nikamwambia palepale, wote wakisikia, kwamba ulikuwa msuli. Nikawaonyesha na mguu wenyewe. Wakatazamana. Mzee mmoja akatikisa kichwa taratibu, akasema wenye ikhlasi ndivyo walivyo, wanaficha. Nikaapa. Wakasema subhanallah, hata anaapa. Kila nilivyozidi kuusugua mguu ndivyo walivyozidi kuniona mcha Mungu.

Kesho yake viatu mlangoni vilikuwa vingi kuliko kawaida. Wamekuja watu wa mtaa wa pili. Jamaa mmoja akanivuta pembeni, akaniomba, kama haitanichosha, leo ile sijda ndefu iwepo, maana mwenye nyumba wake anamfukuza na ana mengi ya kuomba. Mke wangu naye akaambiwa na majirani kwamba kumbe anaishi na walii. Alisema ni habari njema sana, maana walii huyo jana kanywa supu ya jirani mpaka akakwangua bakuli, hakukumbuka kuna mtu mwingine ndani ya nyumba.

Aliyenitibulia ni rafiki yangu. Jioni tumekaa barazani na vikombe vya kahawa, watu wanapita wananipa mkono, akaniinamia sikioni.

"Mie niko juu ya kiti, bwana," akasema. "Nyie wote mkilaza vichwa, mie nabaki na macho yangu. Kidole chako gumba kilikuwa kinatazama Pugu."

Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Alipomaliza kucheka akaniambia kiti kipo, hakina miba, nikae kabla sijaanguka mbele za watu. Ningeweza kucheka naye, maana yeye ndiye mtu pekee aliyeniamini kuhusu huo msuli. Badala yake nilipandwa na hasira, nikamjibu kwamba yeye ameshindwa na sasa anataka kila mtu ashindwe. Nikaweka kikombe chini nikaondoka. Tangu siku ile tukawa wa salamu tu, ile ya lazima, kila mtu anaangalia pake. Lakini kila nilipoingia msikitini kiti cha pili kilikuwepo, kimepanguswa.

Kwa hasira hizohizo nikaenda zahanati, nikapate dawa ya kumuumbua. Daktari ni binti mdogo, kwa lafudhi yake nadhani ni wa Mbeya, akaniamkia vizuri, shikamoo babu, akaniuliza kwa siku nakunywa maji kiasi gani. Nikamwambia nakunywa kahawa. Akasema hajauliza kahawa. Ikabidi nimweleze. Mtu akitawadha kwa ajili ya adhuhuri, akaweza kuushika udhu wake mpaka alasiri, hana haja ya kutawadha tena. Lakini ukinywa maji utakwenda haja ndogo, na ukienda haja ndogo udhu umekatika, hapo ufunge duka, upange foleni kwenye bomba la msikiti, wateja wahamie kwa jirani. Kwa hiyo mie mchana sinywi maji. Miaka na miaka udhu wangu wa adhuhuri umefika alasiri mzima, na nilimsimulia hivyo kifua mbele.

Binti akaweka kalamu chini. "Babu," akasema, "kunywa maji, nenda chooni, tawadha tena. Mungu hatakasirika, na mguu utafurahi."

Akaniandikia vipimo vya damu, navyo vilirudi salama. Akanionyesha namna ya kuegemea ukuta na kuunyoosha mguu asubuhi na jioni. Akasema misuli ya mtu wa umri wangu, kwenye joto hili, bila maji, isipokaza ndiyo maajabu. Nikaahidi kila kitu. Mke wangu akaninunulia chupa kubwa ya maji akaiweka juu ya meza ya duka, na kila akipita anakuta imepungua, anafurahi. Nilikuwa nayamwaga mlangoni kutuliza vumbi.

Ningefanyaje? Msikiti ulikuwa unajaa kwa ajili yangu. Hebu fikiria watu wameacha biashara zao, wamekuja kutafuta utulivu nyuma ya imamu wa sijda ndefu, na iqama, ule wito wa kusimama kwenye swala, inasomwa huku imamu mwenyewe yuko foleni ya chooni na kopo mkononi. Aibu gani hiyo.

Mguu ukanikomesha. Alasiri moja watu walikuwa wamejaa mpaka nje kwenye baraza. Rakaa mbili za mwanzo zikaenda vizuri. Nikamaliza kikao cha kwanza, nikatoa takbira ya kuinuka kwa ajili ya rakaa ya tatu, na mguu ukakataa. Safari hii haukukaza shavu tu, ulipanda mpaka pajani. Nyuma yangu wote wakasimama, imamu yuko chini. Mtu akasema "Subhanallah", kama tunavyomkumbusha imamu aliyesahau. Mwingine akarudia kwa sauti zaidi, nadhani alifikiri na masikio yamekwenda. Siku zile walinipa ucha Mungu bure, sasa wananipa uzee bure. Sikusahau, jamani. Hakuna mtu mle ndani aliyejua vizuri kuliko mie kwamba ni wakati wa kusimama.

Iko njia ya imamu aliyeshindwa. Anamvuta aliye nyuma yake aje ashike nafasi. Nikapeleka mkono nyuma nikashika pindo la kanzu ya mwalimu wetu wa madrasa, nikavuta. Akalizuia pindo lake. Nikavuta tena, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kuchana kitambaa, na hapo akaelewa, akapiga hatua mbele. Ile hatua moja. Nikaiona miguu yake inatulia pale iliposimama miguu ya baba, na palinichoma kuliko msuli.

Nikajikokota kwa mguu mmoja, mkono ukutani, mpaka mwisho wa mstari karibu na dirisha. Kiti kilikuwepo. Nikakaa, nikaendelea na swala kwa namna nilivyoweza. Rafiki yangu hakugeuka, naye yumo kwenye swala. Mwalimu akarukuu, akainuka, akatoa takbira, na msikiti mzima ukashuka.

Sikuwahi kuuona msikiti wetu hivyo. Anayeswalisha hawaoni walio nyuma yake, na akisujudu anaona mkeka tu. Pale kitini niliona migongo, mstari baada ya mstari mpaka mlangoni na nje, kanzu na mashati ya kazi yaliyoloa jasho, na kimya kizito. Vichwa vilivyobaki juu vilikuwa viwili tu, changu na chake. Na siku zote kilikuwa chake peke yake. Nikainamisha kichwa nilivyoweza.

Mwalimu akatoa salamu ya kumaliza swala. Nilipogeukia kulia, nikakutana na kisogo cha rafiki yangu, naye anageukia kulia kwake. Nilipogeukia kushoto, nadhani yeye akakutana na changu. Tukabaki tumekaa, tunatazama mbele.

"Umeona?" akasema mwishowe, taratibu. "Wote wakienda chini, huku juu unabaki peke yako. Mie sikuwa nakucheka, bwana. Nilikuwa nataka mwenzangu."

Lugha yetu tangu utoto ni mzaha, siku ile nikauacha. Nikamwambia mguu unaniuma. Akauchukua, akauweka kwenye mapaja yake, mbele ya watu wote, akavisukuma vidole kuelekea gotini kwa mikono ile ya karani. Muuza mchele akaja kuangalia. Akakitazama kidole gumba kilivyopinda, akanitazama na mie, akasema kumbe ulikuwa msuli kweli. Nikamwambia nilishasema.

Siku hizi nakunywa maji. Naenda chooni, natawadha upya, duka linafungwa kidogo na wateja hawajahamia popote. Asubuhi nauegemea ukuta kama binti alivyonifundisha, mke wangu ananiuliza kama ukuta unaanguka. Viatu mlangoni vimerudi kuwa vya sie sie. Mwalimu aliniambia nikipona nirudi mbele, nikamwambia abaki palepale, mie nimepata sehemu yangu. Nimekaa pembeni pale siku nyingi sasa, tukiinamisha vichwa wawili, na viti nawahi mie kuvipangusa, changu na chake.

Mguu nao umeanza kupata akili. Siku ukikubali inanibidi nishuke nisujudu chini, ndivyo tulivyofundishwa, lakini nashukia palepale kando ya kiti chake, na yeye kule juu kazi yake ni kunichungia kidole. Jana, baada ya salamu, akaniinamia akaniambia kidole kilitulia, hakikutikisika hata mara moja, naona umepona. Alisema hivyo huku ananyoosha mkono akirudishe kiti changu ukutani, kwenye viti vingine. Nikakishika kiti. Nikamwambia akiache hapohapo, mie bado nazeeka.